Chupa ya Maji kutoka Ekerenyo

Ekerenyo, 11 Februari 1968

Mdogo wangu Mokeira,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Ukitaka kujua hali yetu, tunapumua. Chai tumeichuma mara mbili wiki hii, pareto imekauka vizuri, na ndizi za kando ya zizi zimeangushwa na upepo. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Baba mdogo Thadeus anakusalimu na kukukumbusha kuishika Sabato huko Nairobi. Mke wangu Kemuma anakusalimu. Eucabeth sasa yuko darasa la tatu, anasema atakuwa daktari kama shangazi yake. Nilimwambia shangazi yake si daktari, anaosha chupa za madaktari. Alicheka sana.

Kabla ya Krismasi nilichimba choo kipya, kirefu, pale mteremkoni nyuma ya nyumba. Chifu alikuja akakisifu mbele ya watu.

Sasa nimezunguka vya kutosha. Mwanetu Ondieki hatunaye. Alishikwa na homa baada ya mwaka mpya, akalala wiki tatu, na tarehe ishirini na nane Januari akatutoka. Tulimzika kesho yake. Sikukupelekea simu kwa sababu nilijua ungeacha masomo uje, na ungekuta kaburi tu. Usinikasirikie. Kemuma hali chakula vizuri na usiku hasemi na mtu.

Soma kwa bidii. Wewe ndiye macho yetu huko.

Ni mimi kaka yako,
Machogu

*

Nairobi, 25 Februari 1968

Kaka yangu Machogu,

Pole wewe, pole Kemuma, pole Eucabeth aliyebaki bila wa kugombana naye. Barua yako niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni. Miaka minane! Yeye ndiye aliyekuwa akiniita shangazi wa Nairobi hata kabla sijaiona Nairobi. Nakuomba, siku nyingine usinizikie mtu wangu kabla sijajua.

Mimi sijambo, chakula kipo, baridi ya asubuhi ni kama ya nyumbani. Lakini kuna jambo nimeliona katika barua yako. Umeniletea habari za watu wote, hata ng'ombe. Mama mdogo hukumtaja. Yu mzima? Tangu mama yetu afe, mke mwenza wake huyu ndiye aliyetulea. Alibeba ndizi kichwani mpaka soko la Nyakoe ili nipate karo. Niambie habari zake.

Sasa nisikilize vizuri. Wiki za kwanza hapa chuoni tuliwekewa utando wa kitunguu chini ya hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo. Nikaona vyumba vimepangana kama punje kwenye gunzi la mahindi, na katika kila chumba doa moja. Mwalimu akasema kila chumba ni seli, lile doa ni kiini chake, na kila kilicho hai kimejengwa kwa seli, kuanzia kitunguu mpaka sisi. Kisha akatuonyesha viumbe ambao mwili wao mzima ni seli moja tu. Seli moja, kaka, na inakula, inazaa, na inaweza kuua mtu mzima.

Vijidudu wako wa namna nyingi, si wote wa seli moja. Kuvu ni wale wanaoota kwenye mahindi yaliyolowa, na hamira ya mkate ni ndugu yao. Protozoa wengine huogelea. Malaria ni kazi yao, na kuhara damu wakati mwingine ni kazi ya mmoja wao aitwaye amiba. Virusi hawajafikia hata kuwa seli, na ni wadogo mno kwa hadubini yetu. Surua ni yao. Halafu kuna bakteria, vijiti na nukta. Wengine ni marafiki: wanaogandisha maziwa kwenye kibuyu cha mama mdogo ni bakteria. Wengine ni wauaji. Kama homa ya Ondieki ilipanda kidogo kidogo kila siku, na kichwa na tumbo vikamuuma, nadhani ilikuwa homa ya matumbo. Bakteria wake hutoka chooni kwa mgonjwa, au hata kwa mtu anayeonekana mzima, wakaingia kwenye maji ya kunywa.

Choo chako kiko umbali gani na chemchemi? Nijibu hilo. Na kuanzia leo, chochote kinachogusa mdomo au mkono wa mtu, chemsha kwanza. Maji yatokote kabisa, usiridhike na uvuguvugu.

Ninakuandikia Kiswahili makusudi, maana barua hizi zinapita mikono mingi pale shuleni, na lugha yetu ingesomwa na kila mtu. Wewe pia fanya hivyo.

Dada yako,
Mokeira

*

Ekerenyo, 21 Machi 1968

Mdogo wangu Mokeira,

Salamu. Mvua imeanza na barabara imekuwa matope, ndiyo maana nimechelewa. Mahindi tumepanda. Ndama anaendelea vizuri.

Eucabeth naye alishikwa. Homa ileile, inapanda kama ulivyoandika. Safari hii sikungoja, nilimfunga mgongoni nikampeleka hospitali Kisii. Wakasema homa ya matumbo, kama wewe, wakamlaza. Amekonda, lakini anaongea. Nilirudi mbio nikawaambia wazee: mmesikia, ni homa ya matumbo! Baba mdogo Thadeus akanijibu, "Hospitali inajua jina la ugonjwa. Imekwambia nani ameutuma?"

Umeniuliza habari za mama mdogo. Sikumtaja kwa sababu sikujua nianzie wapi. Tangu Januari watoto wanne wa ukoo wetu wamelala, wawili wamekufa, na nyumbani kwake hajaumwa hata kuku. Baba mdogo alikwenda kwa mpiga ramli. Mzee wa kanisa, lakini alikwenda. Akarudi akasema aliyeutuma ni mwanamke, yuko ndani ya boma, na anapika jambo fulani. Basi watu wakakumbuka sufuria yake nyeusi. Unajua ujanani alimpikia nesi wa misheni, na tangu hapo hanywi maji yasiyochemshwa. Kila jioni sufuria iko motoni. Tuliishi naye miaka yote bila kuona ubaya, na sasa wanauliza anachemsha nini. Neno omorogi limekwisha kutamkwa, na ukiitwa mchawi hapa kwetu unajua mambo yanavyokwisha.

Sisi tunachemsha maji kama ulivyosema. Kemuma anachemsha mlango ukiwa umefungwa, wasije wakasema naye amefundishwa.

Wazee watakaa Jumapili ya kwanza ya Mei kumkatia neno. Mokeira, nisaidie. Maneno yangu hawayataki. Nipatie karatasi ya serikali yenye muhuri, inayosema maji ndiyo mabaya. Muhuri watauamini. Bila hiyo, mama mdogo amekwisha, na mimi sioni la kufanya.

Machogu

*

Nairobi, 5 Aprili 1968

Kaka,

Nashukuru kwa habari za Eucabeth. Mungu amshike huyo mmoja aliyebaki.

Usiku kucha sikulala. Yaani mama mdogo anaponzwa na usafi wake! Hicho wanachokiita uchawi ndicho mwalimu wetu anakiandika ubaoni kila wiki.

Nimemlilia mwalimu mpaka amekubali. Tuletee maji ya chemchemi tuyapime. Fanya hivi. Chukua chupa ya soda, ioshe, ichemshe vizuri pamoja na kizibo chake. Nenda nayo chemchemini asubuhi, ijaze, izibe, usiiguse mdomoni kwa kidole. Izungushie majani ya mgomba mabichi isipate joto. Kisha mpe Ombati jirani yetu, kwa kuwa basi lake linafika Nairobi siku hiyohiyo. Nitamngoja stendi mwenyewe.

Sisi tutayatia maji hayo kwenye chakula wanachokipenda bakteria, tuyafunike, tungoje. Wakiwamo wataota, waonekane kwa macho kama madoa. Na hapo karatasi yako utaipata, muhuri na sahihi.

Bado hujanijibu kuhusu choo.

Mokeira

*

Ekerenyo, 22 Aprili 1968

Mdogo wangu Mokeira,

Salamu kwa haraka, Ombati anapiga honi. Eucabeth ametoka hospitalini. Chupa ni hii. Nimeitengeneza kwa uangalifu mkubwa, usiwe na wasiwasi nayo hata kidogo, unaweza kuishika bila hofu. Mama mdogo haji tena chemchemini mchana, akija wanawake wanaondoka. Jana aliniuliza kama nimepata barua yako. Nilimwambia bado.

Machogu

*

Nairobi, 1 Mei 1968

Kaka yangu Machogu,

Salamu kwenu nyote. Sina njia ya kulisema hili kwa upole. Maji ni safi.

Tuliyaweka siku mbili, kisha siku mbili nyingine. Hakikuota kitu. Mwalimu alisema hajawahi kuona maji ya chemchemi safi namna hiyo, akacheka, mimi nikatoka nje nikalia. Sijui nimekosea wapi. Nimepitia kila hatua mara tatu.

Niliwaza nisiitume karatasi. Lakini nilikuahidi, na uongo wenye muhuri ni uongo tu. Nimeikunja humu ndani. Nakusihi kwa jina la mama yetu, usiwaonyeshe wazee. Iweke kwenye Biblia, waombe mwezi mmoja, uniletee chupa nyingine. Kuna kitu hatujakiona.

Ombati anakuletea bahasha hii mkononi ili ifike kabla ya Jumapili.

Dada yako,
Mokeira

*

Ekerenyo, 9 Mei 1968

Mdogo wangu,

Tuko hai. Mvua ni nyingi.

Ombati alifika Jumapili, wazee wakiwa wamekwisha kukaa. Mama mdogo alikuwa kwenye kigoda peke yake, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Bahasha sikuifungua pembeni, ili wasije wakasema nimeichezea. Niliiinua juu wote waone imefungwa, nikampa mwalimu wa shule aifungue mwenyewe. Nilikuwa na furaha, Mokeira. Nilikuwa nimewaambia, sasa mtasikia.

Mwalimu alianza na karatasi yenye muhuri. Akaisoma kwa Kiingereza, akaitafsiri. Maji hayana vijidudu. Barua yako niliipata baadaye, chini ya karatasi, watu walipokuwa wameanza kupiga kelele.

Baba mdogo alisema, "Serikali yenyewe imeshuhudia. Kama si maji, ni mtu." Wakampa mpaka jioni. Hawakumpiga, nashukuru hilo. Alifunga mzigo mmoja akaenda kwa kaka yake Nyaramba. Sufuria walimkataza kuichukua. Usiniulize mimi nilisema nini.

Kinachoniumiza ni kwamba nilijitahidi kadiri ya uwezo wangu. Hata maji yale sikukuletea ovyo. Niliyachemsha kwanza mpaka yakapungua nusu, nikaongeza, nikachemsha tena, ndipo nikayatia chupani. Ningewezaje kumtumia dada yangu ugonjwa mkononi? Ulisema kinachogusa mkono wa mtu kichemshwe.

Machogu

*

Nairobi, 16 Mei 1968

Machogu!

Uliyachemsha? Kaka, uliyachemsha maji ya kupimwa?

Nimeisoma barua yako kwa mwalimu na hakucheka. Bakteria wakichemshwa wanakufa, na mfu haoti. Ulituletea maiti, sisi tukatafuta walio hai, tukaandika hakuna. Karatasi ile ilisema kweli kuhusu chupa, ikasema uongo kuhusu chemchemi. Na mwanamke asiye na kosa amefukuzwa kwa muhuri niliouomba mimi.

Sikulaumu peke yako. Nilikuandikia uchemshe chupa, sikuandika usiyachemshe maji. Niliona ni jambo la wazi. Miezi michache darasani imenitosha kusahau kwamba wewe hukuwamo. Kosa hili tumelifanya wawili.

Sasa usingoje chochote. Ukipata barua hii, siku hiyohiyo nenda Nyaramba ukamrudishe. Unajua mwanamke aliyerudi kwao akiwa mzee alivyo: anakaa nyuma ya jiko la wifi yake, hana mafiga yake, hana kuni zake, anakunywa anachopewa na kushukuru. Machogu, anakunywa anachopewa! Yeye ambaye maisha yake yote hajaonja maji mabichi. Akiwa na homa, hospitali mara moja. Dawa ipo ikiwahiwa.

Kisha niletee chupa nyingine. Maji yalivyo, kutoka chemchemini moja kwa moja hadi kwenye chupa. Usiyachemshe, usiyachuje, usinionee huruma.

Mokeira

*

Ekerenyo, 20 Juni 1968

Mokeira,

Nimekuandikia tena baada ya mazishi. Nilijua uliniomba nisikuzikie mtu wako kabla hujajua. Sikuweza.

Barua yako ilikaa shuleni siku tisa. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na kazi. Nilijua mwandiko wako uko pale na niliogopa kuuchukua. Nilipousoma nilikwenda Nyaramba kwa miguu, mvua yote ikinipiga. Nilimkuta amelala chumba cha kuni. Homa ilikuwa imepanda siku nyingi. Hata hapo aliniuliza kama nimekula. Kisha akauliza, "Eucabeth anakunywa maji ya moto?" Nikamwambia anakunywa. Akasema vizuri. Alisema alimwomba wifi yake sufuria siku ya kwanza, akaambiwa hapa hatuchemshi mambo ya Ekerenyo. Hakuomba tena.

Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, tukapata gari hadi hospitali. Walifanya waliloweza, sisi ndio tuliochelewa. Alifariki tarehe kumi na tatu. Ndugu zake walitaka azikwe Nyaramba. Nilikataa. Nimemzika hapa, kando ya baba, mahali pa mke. Baba mdogo Thadeus hakuja kaburini.

Sasa nikujibu uliyoniuliza. Siku ya baraza, waliponiuliza kama nina neno, nilisema sina. Ndivyo nilivyosema. Na choo changu kiko juu ya chemchemi, hatua thelathini na mbili. Nilizihesabu siku nilipopata barua yako ya kwanza. Niliogopa kwamba nikiandika, nitakuwa nimeandika jina la aliyemuua mwanangu. Tangu siku hiyo nilijua, au nilikuwa karibu kujua, nikawaacha watafute jina lingine.

Chupa hii ni mbichi.

Machogu

*

Nairobi, 1 Julai 1968

Machogu,

Sikusalimii, maana sijui salamu ya kukupa.

Maji yale yaliota kwa siku moja. Sahani ilijaa madoa mpaka mwalimu akaacha kuhesabu. Ni bakteria wa kinyesi, na kati yao mwalimu amewatambua wale wa homa ya matumbo. Nilichukua tone nikaliweka chini ya hadubini, nikawaona wenyewe. Vijiti vidogo, Machogu, vinachezacheza. Nilivitazama muda mrefu. Nilitaka niwachukie, lakini hawajui jina la mtu. Wanaojua majina ni sisi.

Karatasi ni hii, muhuri uleule, na Kiswahili chake nimekiandika nyuma. Usimpe mwalimu wa shule. Ukaisome wewe kwa mdomo wako, mbele ya walewale, na ya choo uyaseme. Ukishindwa, usiniandikie tena maisha yako yote.

Alininunulia viatu vya kwanza. Sikumzika.

Mokeira

*

Ekerenyo, 15 Julai 1968

Mokeira,

Nimesoma.

Niliwaita Jumapili, wakaja wote, wakidhani naomba mchango. Nilisimama kando ya kaburi lake, bado udongo haujashuka. Nilisoma karatasi, kisha nikasema mambo matatu: maji yale ya kwanza niliyachemsha mimi, choo ni changu, na nilipoulizwa neno nilinyamaza. Kemuma alikuwa hajui la choo. Alinisikia pamoja na watu wengine. Hajasema nami mpaka leo, na analala na Eucabeth.

Choo nimekifukia. Nachimba kingine huko chini, ng'ambo ya kijito, mbali na chemchemi. Watu bado wanachota palepale, lakini sasa moshi unatoka kila nyumba jioni, milango wazi.

Sikuombi msamaha, maana si mimi wala wewe tunaoweza kuutoa.

Watu walipokwisha kutawanyika, baba mdogo Thadeus alibaki. Alikaa kwenye kile kigoda alichokalia mama mdogo siku ya baraza. Akasema koo limemkauka, tumpe maji. Eucabeth ndiye aliyeingia ndani. Akamchotea kikombe kutoka kwenye sufuria nyeusi ya bibi yake, ambayo siku hizi iko jikoni kwetu na ilikuwa imetoka motoni sasa hivi. Mzee alikishika kwa mikono miwili, akakaa nacho mpaka kikapoa, ndipo akanywa.

Machogu